Mashine 'imechoka'? Ipangie vyumba kwanza!

Kuna neno moja ambalo mafundi wa kompyuta wa mjini wanalipenda kuliko wali wa nazi. Neno lenyewe ni "imechoka". Umempelekea mashine inayochelewa kuwaka, hajagusa hata kifuniko, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha analitamka taratibu: "Mama, hii imechoka." Hapo ujue kuna mawili yanakuja. Ama unauziwa mashine nyingine, ama yako inapigwa windo.

Mliokwisha kupigiwa windo mnalijua kasheshe lake. Kwa wale ambao bado, fundi anafuta vilivyomo kwenye diski, anaweka Windows upya, anakurudishia mashine inayokwenda mbio kama swala. Unafurahi, unalipa, unafika nyumbani, unatafuta picha za harusi ya mdogo wako. Hakuna! Unampigia simu fundi, anakuuliza kwa upole, "Kwani ulikuwa hujazihifadhi mahali pengine?"

Mimi sina ugomvi na mafundi, jamani. Wapo waaminifu na wapo wenye vichwa vyao, na bila wao nusu ya ofisi za mji huu zingerudi kwenye taipureta. Ugomvi wangu ni na hilo neno. Kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka, mara nyingi haijachoka hata kidogo. Imechanganyikiwa tu, haijui vizuri nani kalala chumba gani.

Chukulia nyumba ya uswahilini, ile yetu ya vyumba kumi na viwili, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Mwanzoni, nyumba ikiwa mpya, mambo ni shwari. Anakuja baba mmoja na familia yake, anataka vyumba vitatu, anapewa cha kwanza, cha pili na cha tatu. Anakuja mwalimu, anachukua cha nne. Mpiga picha cha tano na cha sita. Mama ntilie cha saba. Vingine vinaendelea kujaa hivyo hivyo. Miezi inapita, mwalimu anahamishwa, cha nne kinabaki wazi. Mama ntilie anarudi kwao, cha saba nacho wazi. Sasa anatokea seremala na mke na watoto sita, anataka vyumba vinne. Vinne vilivyofuatana havipo! Mwenye nyumba anataka kodi yake, kwa hiyo anamwambia: chukua cha nne, chukua cha saba, na viwili vingine viko kule mwisho karibu na choo. Familia moja, nyumba nzima. Saa ya kula mama wa watu anazunguka ukumbi wote akigonga milango, mpaka akiwapata wote ugali umepoa.

Hivyo ndivyo diski inavyojaa. Windows inaigawa katika vyumba vidogo vidogo, kwa kawaida vya KB 4 kila kimoja, kwa hiyo faili la MB 40 linahitaji vyumba kama 10,000. Ukifuta faili, vyumba vyake vinabaki wazi. Ukileta jingine kubwa zaidi, linaingizwa popote penye nafasi, vipande hapa na vipande kule. Anwani zote zinaandikwa kwenye daftari la mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna kinachopotea, faili lako ni zima kabisa. Kazi iko kwenye kulikusanya.

Na kazi hiyo ni ya miguu hasa. Ndani ya diski ya namna hii mna sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea, kama santuri na sindano yake, tofauti ni kwamba kichwa hiki hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Diski nyingi za kompyuta za mezani zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, na za laptop nyingi mara 5,400. Mara 7,200 kwa dakika ni mara 120 kwa sekunde! Utasema hiyo ni kasi ya kutosha kila kitu. Haya, tupige hesabu, na asiyependa hesabu aruke mistari mitano.

Mkono kuhama kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine unachukua, kwa wastani, kama sehemu 9 kati ya 1,000 za sekunde. Ukifika unasubiri sahani izunguke ikuletee chumba unachokitaka, wastani nusu mzunguko, sehemu nyingine 4. Jumla 13. Faili likiwa na kipande kimoja, hizo 13 si kitu. Likiwa na vipande 1,000, umepoteza sekunde 13 kwa kutembea tu. Na Windows ikiwaka haisomi faili moja, inasoma mamia kwa mamia. Ndiyo unaona kile kitaa chekundu au cha kijani kinachezacheza, mashine inakoroma ndani kwa ndani, na wewe umeshika maus unasubiri kama abiria wa meli iliyochelewa.

Kudifragi, neno ambalo vijana wa kompyuta wanalitumia kama Kiswahili halali, ni pale mwenye nyumba anapoamua kuwahamisha wapangaji ili kila familia ikae vyumba vilivyofuatana. Hafukuzi mtu, hafuti mtu, anapanga tu. Ila ili uhamishe watu lazima uwe na chumba cha kuwapitishia. Nyumba ikijaa mpaka stoo, utamhamishia wapi seremala wakati unapanga? Kwa sababu hiyo Microsoft walikuwa wakishauri nafasi tupu ya diski isipungue asilimia 15 kabla hujaanza. Mtu ana diski imejaa pomoni, anadifragi usiku kucha, asubuhi analalamika kwamba hakuna tofauti. Itatoka wapi?

Mambo haya si mapya. Diski ya kwanza ya kuzunguka ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, yaani sinia la kulishia ukoo mzima, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Wimbo mmoja wa simu ya leo unaweza kuijaza. Sisi huku tulichelewa kidogo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ndiyo maana wengi wa umri wangu tulikutana nazo miaka ya 1990 tukiwa tayari watu wazima wenye vidole vigumu vya taipureta.

Mimi nilikutana na kudifragi mwaka 1998, nikiwa karani mpiga chapa kwenye ofisi moja ya watu binafsi katikati ya jiji, jina tuliache. Mashine yetu ilikuwa na Windows 95. Mkutubi wa pale, mtu mpole mwenye miwani minene, ndiye aliyenionyesha: ukibonyeza pa kuonyesha undani, skrini nzima inajaa vimiraba vya rangi, na vinahama kimoja kimoja vikijipanga. Siwezi kukueleza raha yake. Wasichana wa mapokezi walikuwa wanakuja na vikombe vya chai kuangalia, kama watu wanaoangalia bao. Tatizo lilikuwa moja. Ukiigusa mashine, ukafungua hata barua moja, au ile picha ya kuchezacheza ya skrini ikajiwasha, programu inasema vilivyomo kwenye diski vimebadilika, inaanza upya tangu mwanzo! Tukaweka karatasi juu ya kibodi: USIGUSE. Mkurugenzi naye hakuwa mtu wa kuambiwa usiguse. Kuna Ijumaa moja ilianza upya mara nne.

Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 wakaviondoa vile vimiraba, na mpaka leo sijawasamehe. Wakaona pia watu hawakumbuki kufanya kazi hii, wakaiacha ijifanye yenyewe. Kwenye Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilipangwa kila Jumatano saa saba usiku. Mpango mzuri, kwa Mmarekani. Hebu niambie, nani kwetu anaacha mashine ya duka ikiwaka saa saba usiku? LUKU inakata, wezi wanaona mwanga. Ikikuta mashine imezimwa, kazi inasubiri saa ambayo mashine imekaa bure. Lakini duka la stesheneri ambalo mashine yake inakaa bure mchana, hilo ni duka linaloelekea kufungwa. Kwa hiyo ratiba ipo, na haifanyi kazi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa sita.

Sasa nije kwa wifi yangu.

Wifi ana duka la stesheneri Mbagala, si mbali na ofisi ya serikali ya mtaa. Kuchapa, kutoa kopi, kulamineti, kufunga vitabu, picha za pasipoti, biashara zote ndogo ndogo za karatasi. Mwaka 2011 alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba Kariakoo, yenye Windows 7 na diski ya GB 500, na kwa miaka sita ndiyo iliyomlisha yeye, kaka yangu na watoto watatu. Mwaka 2017, mwezi wa sita, akanipigia simu asubuhi na mapema, sauti imekwama kooni.

"Wifi, fundi anasema imechoka."

Mashine ilikuwa inachukua dakika saba tangu kubonyeza swichi mpaka uweze kuandika herufi ya kwanza. Nilizipima kwa saa baadaye, sisingizii. Dakika saba kwa duka la Mbagala ni wateja watatu wamehamia duka la jirani. Na fundi alikuwa ameshampa bei: laki sita kwa mashine nyingine ya mtumba, au elfu ishirini kupiga windo. Laki sita alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye bahasha, za mtoto wake wa kwanza aliyekuwa anaingia kidato cha tano, bweni, mwezi wa saba. Godoro, ndoo, madaftari, nauli, ada. Kwa hiyo alikuwa ameshakubali elfu ishirini, na fundi alikuwa njiani.

Nilipanda daladala nikafika kabla yake. Fundi mwenyewe kijana mstaarabu, begi mgongoni, akamwamkia wifi vizuri, akaketi. Akauliza swali wanalouliza wote: "Mama, kuna kitu cha maana humu?"

Wifi akamwangalia. Akasema, "Kaka, humo ndani mna watu."

Na kweli walikuwamo. Kulikuwa na katiba na orodha ya wanachama 64 wa kikundi cha kufa na kuzikana, pamoja na kumbukumbu za mikutano ya miaka minne, nani katoa, nani anadaiwa. Kulikuwa na mikataba ya kupangisha na ya kuuziana viwanja. Mitihani ya majaribio ya shule mbili za msingi. Barua za kuomba kazi za vijana ambao wengine walishapata kazi na kuwa wazee wa familia. Na kulikuwa na wosia wa mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye kila akigombana na mtoto wake mmoja anakuja kubadilisha mstari, wakipatana anarudi kuurudisha. Karatasi yake alishaipoteza mara mbili, na mara zote mbili wifi alimtolea nyingine kutoka kwenye mashine hiyohiyo. Vyote hivyo vilikuwa kwenye diski moja, sehemu moja, na nakala pengine hakuna. Wateja huwa wanaondoka na karatasi zao, wanajua mama wa stesheneri "anayo".

Nikamwambia yule kijana atupe mpaka Jumatatu. Hakukasirika. Alicheka tu, akasema, "Dada, mkidifragi hiyo mtakesha." Alikuwa anasema kweli, na nitarudi kwake.

Ijumaa jioni tulianza na kunakili. Hili nalitilia mkazo kwa sababu watu wana haraka. Kudifragi kunalazimisha diski kusoma na kuandika kwa saa nyingi mfululizo. Kama diski ni mzima, hakuna shida. Kama inakufa, kama inagongagonga kwa sauti kama mtu anayebisha mlango, kama mafaili yanagoma kufunguka, usiku mmoja wa kudifragi unaweza kuwa ndio wa kuizikia. Diski ya namna hiyo hainyooshwi, inaokolewa. Unanakili vilivyomo haraka, unatafuta nyingine. Ya wifi ilikuwa kimya. Nikaiagiza Windows ikague diski yenyewe kutafuta sehemu mbovu, haikukuta. Nikaazima diski ya nje kazini, tukanakili kila hati iliyochapwa hapo tangu mwaka 2011. Unajua zote zilikuwa na uzito gani? GB 9. Miaka sita ya mambo ya mtaa mzima, GB 9.

Basi GB 500 zimejazwa na nini? Ah! Mtoto wa kidato cha tano alikuwa amesimama mlangoni anaangalia viatu vyake.

"Shangazi," akasema, "zile za kivita usifute zote."

Zaidi ya GB 300 za filamu na nyimbo, zilizoletwa na flashi za marafiki, zikafutwa, zikaletwa nyingine. Hapo ndipo mwenye nyumba alipochanganyikiwa. Hizi hati ndogo za wateja hazina lawama nyingi, ila kila filamu iliyofutwa iliacha mashimo, na kila iliyokuja ikajaza mashimo, na faili za Windows zenyewe zikawa zinasukumwa pembeni kama wenye nyumba waliozidiwa na wapangaji. Tulipoanza, nafasi tupu ilikuwa GB 11. Hata asilimia 3 haifiki. Tukabakisha filamu kumi kwa heshima ya mwanafunzi.

Tukaifuta pia takataka ya miaka, tukazizuia programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe kila asubuhi bila kuitwa. Flashi za wateja zilikuwa zimeacha virusi viwili, tukavitoa. Nikapima tena. Kutoka dakika saba tukaja dakika tano. Nasema hivi kwa makusudi, maana mtu akikwambia kudifragi peke yake kumemtoa saba mpaka tatu, muulize kwanza alifuta nini.

Jumamosi duka lilipofungwa tukaiagiza Windows ichunguze diski. Ikajibu asilimia 38 imetawanyika. Tukanunua umeme wa kutosha, maana hakuna kitu kibaya kama LUKU kuishia saa tisa usiku diski ikiwa inaandika. Programu ya Windows ina busara hapo, inanakili kipande mahali papya kwanza ndipo inabadilisha anwani kwenye daftari, kwa hiyo umeme ukikatika mara nyingi unakuta kila mtu yupo chumbani kwake. Lakini diski yenyewe haipendi kuzimwa ghafla ikiwa inazunguka, na hakuna haja ya kuijaribu. Kaka yangu akalala dukani juu ya maboksi ya karatasi kulinda, analalamika kwamba amewekwa mlinzi wa kitu kisichoonekana kinafanya nini. Nikamwambia enzi zetu kulikuwa na vimiraba vya rangi. Hakufurahi.

Kazi ilimalizika Jumapili asubuhi, saa tisa na dakika kadhaa tangu ianze. Tukaiwasha. Dakika tatu na sekunde ishirini. Ile katiba ya kikundi, ambayo ilikuwa na picha na mihuri na ilikuwa inafunguka kama mlango wa gereza, ikafunguka wifi akiwa bado anavuta kiti. Hakusema kitu. Alifungua faili la pili, la tatu, akalifungua na lile la wosia bila sababu yoyote, akalifunga.

Bahasha ya laki sita ilikwenda bweni na mwenyewe.

Jumatatu yule fundi alirudi, nami nikamuuliza, kwa vile alishaonyesha kwamba jambo hili analijua, kwa nini hakulitaja tangu mwanzo. Jibu lake nimelikumbuka kuliko mambo mengi niliyoambiwa na watu wenye vyeti. Alisema kupiga windo kunachukua saa moja na nusu, mteja anaona skrini mpya, anatoa elfu ishirini. Kudifragi kunachukua usiku mzima, mteja asubuhi anaona skrini ileile ya jana, picha ileile ya maua, anauliza, "Sasa umefanya nini?" na anatoa elfu tatu akinung'unika. Mlinzi wa usiku tu analipwa zaidi. "Nani atanilipa kukaa kuangalia asilimia, dada?" Sikuwa na la kumjibu. Sisi wateja ndio tuliowafundisha mafundi kwamba kitu kisichobadilisha sura hakina bei, na wao wakajifunza vizuri. Wifi alimpa elfu kumi kwa nauli na kwa kusubiri, na mpaka leo ndiye fundi wake.

Sasa kabla hujakimbilia mashine yako, sikiliza. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni hazina sahani wala mkono. Zina diski ya chipsi tupu, wanaiita SSD, na hiyo ni nyumba ambayo kila mpangaji ana simu mkononi. Mama anataka watoto wale, anapiga simu mara moja, wote wanafika, awe wa chumba cha nne au cha karibu na choo. Hakuna kutembea, kwa hiyo kuwapanga hakuongezi kitu cha maana. Tena kuna hasara: vyumba vya SSD vinachakaa kwa kila kuandikwa, kama ukuta wa udongo unavyobanduka kila ukihamisha kabati. Ukiidifragi kila wiki unaichakaza bure. Windows yenyewe inalijua hilo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ile programu ilibadilishwa jina, ikawa inaangalia kwanza aina ya diski: ya kuzunguka inaipanga, ya SSD inaipelekea tu taarifa ya vyumba vilivyo wazi.

Kujua unayo ipi ni rahisi. Kwenye Windows 10 au 11 andika defrag pale pa kutafutia, fungua programu inayotokea, na mbele ya kila diski utaona imeandikwa aina yake. Kama ni hard disk, na kwenye tarehe ya mwisho ya kupangwa unaona miezi imepita au hakuna kitu, basi nafasi unayo. Iache usiku ikiwa na umeme, baada ya kunakili vitu vyako. Kama ni solid state na mashine inakwenda kobe, tatizo lako liko kwingine: kumbukumbu ndogo, virusi, programu nyingi zinazojiwasha, au diski iliyojaa mpaka mlangoni. Na msidanganywe na vile vitangazo vinavyoruka kwenye skrini kwamba kompyuta yako ina makosa elfu moja na mia ngapi, lipia hapa. Wala hizo programu za simu zinazodai kupanga kumbukumbu ya simu yako. Simu haina sahani, itapangwa nini?

Mashine ya wifi ilikwenda hivyo miaka minne, tukiipanga kila baada ya mitihani ya muhula, wakati kazi zimepungua. Microsoft walisitisha huduma za Windows 7 Januari 2020, na mwaka 2021, biashara ilipotulia, yule fundi akamfungia SSD ya GB 240 na Windows mpya. Hapo, lazima niseme ukweli, kudifragi kote tulikokuwa tunafanya kulionekana mchezo wa watoto. Inawaka kabla hujamaliza kufungua dirisha la duka. Ila ilifika kwa wakati wake, kwa pesa ya faida, na si kwa bahasha ya godoro, na kila karatasi ya mtaa ikahamia humo ikiwa nzima.

Ile diski ya zamani haikutupwa. Fundi aliiwekea kasha lake, ikawa ya nje. Inakaa nyumbani kwa wifi, kabatini, imefungwa kwenye kipande cha kanga, na kila Jumamosi usiku inatolewa, inanakiliwa hati za wiki, inarudishwa. Yule mzee wa wosia ameshabadilisha mara tatu tangu hapo. Na kaka yangu kila tukikutana ananidai umeme wa usiku ule wa kwanza, anasema nilimwambia uniti kumi zitatosha na zilitumika zaidi.